Unaanza kupiga picha na programu ya kuediti inakutisha? Anzia hapa

Kila mtu anayeanza kupiga picha swali lake la kwanza ni hili, nitumie programu gani kuediti. Naelewa kwa nini linaulizwa maana ukifungua Photoshop mara ya kwanza unakutana na vitufe kushoto, vitufe kulia, juu kuna menyu ambayo ukiifungua inatoa menyu nyingine, unabaki unaitazama skrini hujui mkono uuweke wapi. Ila kwa watu wote niliowahi kukaa nao pembeni nikiwaelekeza, waliokwama kwa sababu ya programu ni wachache mno. Wengi wanakwama kwa sababu wanaanza kuvuta slaida, vile vitelezi vya kuongeza na kupunguza, kabla hawajaitazama picha wakajua inaumwa nini.

Daktari hakuandikii dawa kabla hajakuuliza unaumwa wapi, na picha ni hivyohivyo. Ifungue ijae skrini nzima, itazame hata dakika moja, alafu sema kwa mdomo kabisa: hii imeinama, hii uso uko gizani, hii ina umanjano wa taa, hii iko sawa ila kuna kitu pembeni kinavuta jicho. Ukishindwa kutaja tatizo usiguse kitu. Mi nafanya hivi mpaka leo, na picha ambazo naziharibu ni zile ambazo niliruka hii dakika moja.

Haya tuje kwenye programu zenyewe. Ziko za aina mbili na watu wanazichanganya sana. Kuna upande wa Photoshop, ambayo ilitoka mwaka 1990, huko kazi ni leya, yaani unaweka kitu juu ya kitu, unakata, unamfuta mtu aliyepita nyuma, unabandika maandishi. GIMP ya bure iko upande huo, na Photopea pia ambayo inafunguka kwenye brauza bila kuinstoli chochote. Alafu kuna upande wa Lightroom, hiyo ilikuja 2007 kwa ajili ya mpiga picha aliyerudi na picha 400 anataka kuchagua nzuri, kurekebisha mwanga na rangi, na kuzitoa zikiwa tayari. Huku kuna darktable na RawTherapee, zote za bure, na Capture One ya kulipia. Kwenye simu kuna Snapseed, bure, na inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyoidhania.

Ushauri wangu ni kwamba kama una simu tu anza na Snapseed bila kujisikia vibaya hata kidogo, na kama una kompyuta anza upande wa Lightroom hata kama ndoto yako ni Photoshop, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya mpiga picha ni mwanga na rangi, kukata na kubandika kunakuja baadaye. Ukichukua darktable usiikatie tamaa wiki ya kwanza, ina vitu vingi mno, shika vitano tu vingine viache. Ila ukishachagua moja kaa nayo miezi mitatu. Kuna watu kila wiki wako na app mpya na mwaka unaisha hawajui hata moja, na ukweli ni kwamba ekspoja, yaani kiasi cha mwanga kwenye picha nzima, ni ekspoja kila mahali, ukiielewa kwenye simu umeielewa na kwenye kompyuta.

Kabla hujaediti hata picha moja kuna jambo la kutunza, na hili nalisema kwa uchungu. Nilipokuwa naanza nilimpiga bibi yangu picha, amekaa mlangoni, mwanga unamjia ubavuni, picha ambayo sijapata nyingine kama ile. Nikaikata iwe mraba, nikaitoa rangi ikawa nyeusi na nyeupe, nikaipunguza iwe na upana wa pikseli 600 kwa ajili ya kutuma, nikabonyeza sevu. Juu ya ileile ya mwanzo. Bibi alipofariki familia wakataka picha kubwa ya kuweka ukutani, na mi niliyokuwa nayo ni kale kadogo ka pikseli 600 kasiko na rangi. Hakuna programu duniani inayorudisha kilichofutwa namna ile. Kwa hiyo sasa kila nikitoka kupiga, kitu cha kwanza nakopi picha zote kwenye folda yenye tarehe, nakopi tena kwenye diski nyingine, ndo naanza kuediti, na kinachotoka kwenye kuediti kinaenda folda yake tofauti kabisa.

Uzuri wa Lightroom na darktable ni kwamba zenyewe haziigusi picha yako ya mwanzo, zinaandika tu maelekezo pembeni, kwamba hii iongezwe mwanga kiasi hiki, hii ikatwe hapa, na picha mpya inatengenezwa siku unapoitoa. Ndo maana unaweza kurudi baada ya mwaka ukabadilisha kila kitu. Ila hapo kuna mtego unaowakamata wengi wa Lightroom Classic: picha hazimo ndani ya Lightroom. Ile katalogi inakumbuka tu picha iko wapi kwenye diski, sasa ukienda nje ukahamisha folda au kuibadilisha jina, ukirudi inakuwekea alama kwamba haizioni na unadhani zimepotea. Ukitaka kuhamisha hamishia humohumo ndani ya Lightroom. Na usifute folda ya diski eti kwa sababu picha "ziko Lightroom", tafadhali.

Kama kamera yako au simu yako inaruhusu kupiga RAW, yaani faili ghafi lenye kila kilichonaswa na kamera, piga RAW badala ya JPEG, ile picha ya kawaida iliyokwisha kutengenezwa. JPEG inabeba ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi kati ya nyekundu, kijani na bluu, RAW ya biti 14 inabeba ngazi 16,384. Kwenye skrini huoni tofauti mpaka siku uso umekuwa gizani unataka kuuinua, hapo JPEG inaanza kutoa mabaka na rangi za ajabu kwenye kivuli wakati RAW inakupa uso wenyewe. Utalipa kwa nafasi, faili ni kubwa mara kadhaa, na ukiifungua mara ya kwanza itaonekana imepooza kuliko JPEG. Usiogope, kamera iliipika JPEG kwa niaba yako, RAW imekuachia wewe upike.

Sasa tuchukue picha moja tuiediti pamoja. Mtoto amekaa karibu na dirisha, mchana, anachora. Dirisha linawaka jeupe, uso wake uko upande wa gizani, taa ya ndani imewashwa, na picha imeinama kidogo kulia. Tumeshaitazama, tumeshataja matatizo: imeinama, dirisha limezidi, uso umezama, na kuna umanjano wa taa.

Naanza na kunyoosha na kukata, maana kile nitakachokitoa hakina haja ya kunisumbua kwenye maamuzi ya mwanga. Kwenye Lightroom unabonyeza R, unashika ukingo wa dirisha uwe wima kweli. Usikate karibu na kidole wala kiungo cha mkono, kata katikati ya mkono au acha mkono wote, jicho la mtu linasumbuliwa na kidole kilichokatwa hata kama hajui kwa nini.

Alafu waiti balansi, yaani kusawazisha rangi ya mwanga ili cheupe kionekane cheupe. Hii inapimwa kwa Kelvini, mwanga wa jua la mchana uko kama 5500, taa ya ndani ya manjano iko kama 2700 hadi 3000. Kinachowachanganya wanaoanza ni kwamba ukivuta slaida kwenda namba kubwa picha inakuwa ya manjano zaidi badala ya bluu. Sababu ni kwamba unaiambia programu mwanga ulikuwa wa bluu, nayo inaongeza manjano ili kusawazisha. Njia rahisi ni ile alama ya kitonyeshea, unaibonyeza juu ya kitu ambacho unajua ni kijivu au cheupe, hapa karatasi ya mtoto, na hapo utakuwa umekaribia. Kwenye picha hii mwanga ni wa aina mbili, dirisha na taa, kwa hiyo huwezi kuzipatia zote. Mi nafuata ulioko usoni, nyuma ikibaki na umanjano kidogo wala haina ubaya.

Ndo tunafika kwenye mwanga, na hapa watu wote wanakimbilia ekspoja. Ekspoja inainua picha nzima, ukiongeza 1 ni kama umeongeza mwanga mara mbili. Nikiinua mpaka uso wa mtoto uonekane, dirisha linakufa kabisa. Kwa hiyo napeleka ekspoja mpaka +0.40 tu, haitilaiti, yaani sehemu zenye mwanga mkali, nazishusha mpaka -60 ili dirisha lirudishe ule mti wa nje, na shedo, yaani sehemu za kivuli, naziinua +30. Si kwamba hizi namba ni sheria, kwenye picha yako zitakuwa nyingine, ila angalia nilivyogawa kazi: kila slaida inatibu ugonjwa wake. Shedo ukiinua mpaka +100 picha inakuwa kama imepakwa vumbi, giza linakosa mahali pa kukaa na uso unakuwa bapa. Giza kwenye picha lina kazi, usilifukuze lote.

Hapo angalia histogramu, kile kigrafu cha juu kulia. Kushoto ni giza, 0, kulia ni mweupe, 255. Kigrafu kikirundikana ukutani kulia kuna sehemu zimeungua, na kilichoungua kabisa hakina kitu ndani cha kurudisha. Kwenye Lightroom shika Alt huku unavuta slaida ya waiti, ile ya sehemu nyeupe kabisa, skrini inakuwa nyeusi na vinaanza kutokea vidoadoa pale panapoungua. Vinapoanza tu kutokea, rudi nyuma kidogo. Fanya vilevile kwa bleki, ile ya sehemu nyeusi kabisa, huko skrini inakuwa nyeupe. Nani hakufundishwa hii akakaa mwaka mzima anakisia kwa macho? Wengi, na mimi nilikuwemo.

Uso bado umezama kidogo, kwa hiyo maski, yaani kuchagua sehemu moja ya picha uirekebishe peke yake. Unachora brashi usoni tu, au unatumia kile kitufe cha kumchagua mtu kilichopo kwenye matoleo ya sasa, unaongeza ekspoja +0.35 ndani ya maski peke yake. Brashi iwe na kingo laini, la sivyo utaona mstari kama mtu kavaa barakoa. Ukimaliza zima maski na uiwashe tena mara mbili tatu. Ukiwa unaona wazi kwamba kuna kitu kimewaka pale usoni, umezidisha, punguza nusu.

Nataka nikae kidogo kwenye ngozi kwa sababu hapa ndo picha nyingi zinaharibiwa. Kwenye sehemu ya rangi, Lightroom inakupa rangi nane, na kila moja ina slaida tatu, aina ya rangi yenyewe, ukolevu wake na mwangaza wake. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi, kahawia au nyeupe, sehemu kubwa inakaa kwenye rangi ya chungwa, na kiasi kwenye nyekundu na manjano. Sasa kuna mtindo wa kushusha ukolevu wa chungwa na kuinua mwangaza wake ili ngozi "ing'ae". Kwa mtu mweusi matokeo yake ni majivu, uso unakuwa wa kijivu, ule wekundu mzuri wa mashavuni unaondoka, na mtu anakuwa kama ametoka wodini. Niliwahi kumrudishia dada mmoja picha zake nilizozifanya hivyo, akaziangalia kimya, akaniuliza, huyu ni mimi? Sijasahau hilo swali. Ngozi nyeusi inataka uzito wake, acha giza lake liwe giza tajiri, tafuta mng'ao pale mwanga ulipogusa kweli, kwenye paji la uso, juu ya mashavu, kwenye pua. Mara nyingi nashusha mwangaza wa chungwa kidogo, kama -5 au -8, na ngozi inakolea vizuri. Na kama ni kuongeza rangi kwa picha nzima tumia vaibransi kuliko saturesheni, vaibransi inainua zaidi rangi zilizofifia na inajizuia kwenye ngozi, saturesheni inainua kila kitu kwa pamoja na nyuso zinageuka nyekundu.

Pia kamera yenyewe inachangia. Mita ya kamera inajaribu kufanya kila kitu kifikie kijivu cha kati, kwa hiyo uso mweusi ukijaza fremu kamera inaweza kuuangaza kupita kiasi, na mtu huyohuyo akisimama mbele ya ukuta mweupe kamera inamzamisha. Ukijua hivyo unarekebisha wakati wa kupiga na kuediti kunakuwa dakika mbili.

Klariti na dihezi, ile slaida ya kuondoa ukungu, weka kwa mkono mwepesi. Klariti inaongeza kontrasti ya katikati, yaani tofauti ya mwanga na giza, kwenye mawe na mbao ni tamu, kwenye uso wa mtu inamuongezea miaka kumi. Ukali wa picha uangalie ukiwa umeikuza mpaka asilimia 100, ikiwa ndogo hujui unachofanya, na ile slaida ya maski ya ukali ukiishika na Alt utaona nyeupe ni panaponolewa, nyeusi ni panapoachwa. Acha mashavu yawe meusi, macho na kope ndo ziwe nyeupe.

Ukishazoea hayo ndo nenda Photoshop au GIMP ukajifunze leya, na kitu kimoja ukikielewa utakuwa umevuka mto: kwenye maski ya leya, nyeupe inaonyesha, nyeusi inaficha. Ni hilo tu. Fungua picha, bonyeza Ctrl+J kwenye Photoshop upate nakala yake juu, iangaze nakala, iwekee maski nyeusi yote, alafu chukua brashi nyeupe upake pale unapotaka mwanga uonekane. Umekosea? Bonyeza X kwenye Photoshop rangi ibadilike iwe nyeusi, paka tena, kosa limeondoka. Hutumii raba, hufuti kitu. Na chunusi au doa ondoa kwenye leya yake peke yake, tupu, usifanye juu ya picha yenyewe. Ondoa vya kupita kama chunusi, alama ya kuzaliwa na kovu ni za mwenyewe, muulize kwanza.

Preseti, ile mipangilio ya slaida iliyotengenezwa tayari, watu wananiuliza sana. Sikatai, ila usizitumie kama kofia unayomvalisha kila mtu. Weka preseti kwenye picha alafu shuka slaida moja moja uone imegusa nini, hii imeshusha kijani, hii imeinua bleki, hii imeweka bluu kwenye kivuli. Alafu ifute ujaribu kuijenga mwenyewe. Preseti tatu ukizifumua hivyo utajifunza kuliko video ishirini.

Skrini nayo inadanganya. Kama inawaka mwisho na chumba ni giza, utaifanya picha iwe ya giza bila kujua na ukiiprinti inatoka imezama. Punguza mwangaza wa skrini mpaka ukurasa mweupe ufanane na karatasi iliyoko mezani kwako, zima ile hali ya usiku inayoweka umanjano, na uediti penye mwanga wa kawaida. Jicho pia linazoea, baada ya dakika ishirini rangi iliyozidi unaiona ya kawaida kabisa. Inuka, kanywe maji, angalia nje, rudi ubonyeze ile alama ya \ kwenye Lightroom inayokuonyesha ya mwanzo na ya sasa. Mara nyingi utarudisha kila kitu nyuma kidogo, na picha inapumua.

Kutoa picha sio pagumu. Ya mtandaoni toa JPEG, ubora 80 unatosha, upande mrefu pikseli 2048, mfumo wa rangi sRGB. Hiyo sRGB usiiache, ukitoa kwa Adobe RGB, mfumo mwingine wa rangi, kuna mahali picha itafunguka imepauka na utamlaumu kila mtu. Ya kuprinti hesabu pikseli 300 kwa inchi, sentimita 10 kwa 15 inataka kama 1200 kwa 1800, na A4 inataka 2480 kwa 3508. Ukishaitoa ifungue kwenye simu ya mtu mwingine kabla hujaituma kokote.

Na zoezi ninalompa kila mtu ni hili. Chagua picha yako moja ngumu, yenye uso na dirisha kama ile ya mtoto, na kila Jumapili uiediti upya kuanzia mwanzo bila kuangalia ulivyofanya wiki iliyopita. Itoe, ipe jina la tarehe, iweke kwenye folda. Zikifika nane zifungue zote pamoja, ya kwanza mpaka ya mwisho, angalia uso tu. Ya kwanza usiifute hata kama inakuudhi.